Moshi wa Bunduki ya 71

Kiswahili cha mwambao kimehifadhi habari za bunduki kuliko vitabu vingi vya vita. Ipo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ipo ya gumegume, ambayo jiwe lake lilipiga chuma likatoa cheche. Ipo ya fataki, na lipo gobori, linaloshindiliwa baruti na marisau kwa mdomoni. Neno lenyewe bunduki limetoka katika Kiarabu, ambako bunduq kwanza lilikuwa jina la kokwa, kisha likawa la golore, na mwishowe la chombo kinachoirusha golore hiyo. Majina haya ni ngazi za wakati, na aghalabu kila ngazi ilifika kwa njia moja: juu ya maji, ndani ya jahazi au meli, ikapakuliwa bandarini, kisha ikatiwa begani mwa mtu kupelekwa bara.

Biashara hiyo ilikuwa na siri yake. Kila mara majeshi ya Ulaya yalipobadili bunduki, zile zilizoachwa zilitafuta soko, na Afrika ilikuwa soko. Katika karne ya kumi na tisa Ulaya ilibadili bunduki mara nyingi na kwa haraka, na kila badiliko huko lilileta shehena huku. Mwaka wa 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha baina ya 80,000 na 100,000 huingia Afrika kila mwaka kupitia mwambao huu. Miaka miwili baadaye, kwa Mkataba wa Brussels wa 1890, madola ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume liliweza kuruhusiwa. Bunduki ya kisasa ilibaki mikononi mwa serikali na askari wake.

Hapo ndipo inapoanza habari ya bunduki iliyoitwa kwa mwaka wake: modeli ya 1871, kazi ya ndugu wawili wa Oberndorf, Wilhelm na Paul Mauser. Ilikuwa bunduki ya risasi moja moja, yenye tundu la milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Kwa wakati wake ilikuwa silaha nzuri, nzito na thabiti. Lakini mwaka wa 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua namna ya kutengeneza baruti isiyotoa moshi, na mwaka wa 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Ujerumani ikashtuka. Ikatoa bunduki mpya ya 1888, kisha nyingine bora zaidi ya 1898, yenye risasi ya milimita 7.92. Bunduki ya 71 ikawa kitu cha ghala. Kutoka ghala hilo ilikuja Afrika ya Mashariki, mikononi mwa askari wa jeshi la kikoloni, jeshi ambalo Hermann von Wissmann alilianzisha mwaka wa 1889 kwa watu aliowaandikisha Misri na Msumbiji, na ambalo mwaka wa 1891 likawa jeshi rasmi la dola.

Ni lazima kuuliza: bunduki hiyo ilikusudiwa nani? Haikukusudiwa Mwingereza wala Mreno. Ilikusudiwa mtu mwenye gobori, au mkuki, au asiye na kitu. Washairi wa mwambao wameviandika vita hivyo: Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wa vita vya Maji-Maji, vilivyowaka mwaka wa 1905. Katika vita vya namna ile moshi haukuwa aibu. Mwenye gobori naye alitoa moshi, tena mwingi zaidi. Kwa hiyo kwa miaka mingi hapakuwa na mkubwa wa Berlin aliyeona haraka ya kumbadilishia askari mweusi silaha yake. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye alikuwa bado luteni kanali alipofika Dar es Salaam Januari 1914 kushika uongozi wa jeshi, alikuta kombania 14 na askari wapatao 2,500. Kazi ya kuwapa bunduki mpya ilikuwa imeanza, lakini kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki ya 71. Agosti ikafika, na vita navyo.

Kwa kawaida jeshi hubadili bunduki kwa karatasi. Serikali hutangaza zabuni, viwanda huleta sampuli, mafundi huzipiga, huzitia mchangani na majini, mkataba hutiwa saini, na za zamani hukusanywa. Jeshi la Wadachi lilibadili bunduki zake pasi na zabuni wala saini. Lilianza vita na bunduki za Ujerumani, likavimaliza na bunduki za Uingereza na Ureno. Aliyekuwa akiliuzia alizuiwa baharini, na mahali pake akakaa adui. Bei nayo haikulipwa kwa fedha.

Kwanza ilikuwa ni habari ya moshi. Baruti nyeusi ni shura, kiberiti na makaa. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, bali hubaki masizi na vumbi, na hilo ndilo wingu jeupe linalotoka mtutuni. Askari aliyelala kichakani alipofyatua, wingu lilisimama juu ya kichwa chake likamwonyesha. Mpinzani wake, mwenye Lee-Enfield ya Kiingereza, alipiga risasi kumi bila ya kuonekana alipo. Kombania ya bunduki za 71 ikipiga kwa pamoja, ilijichorea mstari wake yenyewe mbele ya macho ya adui. Uzembe uliosameheka mbele ya magobori ukawa hukumu ya kifo mbele ya jeshi la kisasa.

Badiliko la kwanza lilifanyika Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914 meli za Uingereza zilishusha huko kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Waliowangoja walikuwa kiasi cha 1,000 tu. Vita vilipigwa katika minazi na mashamba ya mpira, na hata nyuki wakaingia, wakitoka katika mizinga yao kwa hasira na kuwachoma watu. Waingereza walirudi melini wakaacha ufukweni mamia ya bunduki, bombomu 16, yaani bunduki za mfululizo, na risasi zipatazo 600,000. Lettow-Vorbeck ameandika kuwa zana zilizotekwa zilitosha kuzipa kombania tatu bunduki za kisasa. Askari aliyeingia Tanga na moshi wake akatoka na silaha ya Mwingereza.

Lakini bunduki si kitu pasi na chakula chake. Ya 71 hula risasi ya milimita 11. Ya 98 hula ya 7.92, ya Mwingereza hula ya 7.7. Hakuna hata moja iwezayo kuazima chakula cha mwenziwe. Kuanzia siku ile jeshi moja likawa na vinywa vitatu, na kila mzigo ulibidi ujulikane ni wa kinywa kipi kabla ya kuinuliwa. Januari 1915, huko Jasini mpakani, Wadachi walishinda tena, lakini ushindi ule ulitumia risasi zipatazo 200,000, na jemadari wao akapiga hesabu kwamba kwa akiba aliyonayo asingeweza kupigana zaidi ya mapambano matatu ya namna ile. Hata zingehesabiwa zote kuwa za ile aina ndogo, risasi 200,000 zina uzito wa takriban tani 5. Kwa mizigo ya kilo 25, hivyo ni vichwa 200 vya watu. Vichwa 200 vilivyochukua kwa majuma kadhaa kile kilichofyatuliwa kwa siku mbili.

Bahari nayo ilikuwa ikifungwa. Mwanzoni ilionekana kama ina pande mbili: alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kidachi Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja, nayo ikazama. Lakini Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji isitoke tena, na Julai 1915 ikaangamizwa humo. Mapema mwaka huo Waingereza walikuwa wametangaza kuzingira pwani yote ya Wadachi.

Hata hivyo muuzaji wa zamani alijaribu. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojigeuza kuwa ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga. Ilikuwa imebeba bunduki 1,800 na shehena kubwa ya risasi. Manowari Hyacinth iliigundua na kuipiga. Mabaharia wakaizamisha katika maji mafupi na kuwasha moto juu ya sitaha, na Waingereza walipouona moshi wake wakadhani kazi imekwisha. Walipoondoka, wapiga mbizi waliitoa shehena. Risasi zilizoingia maji ya chumvi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, kisha zikafungwa tena. Si zote zilizokubali. Askari alivuta mtambo akasikia mlio mkavu wa chuma, naye adui yu mbele yake. Machi 1916 meli ya pili, Marie, iliingia Sudi, karibu na Lindi, ikiwa na mizinga, risasi na dawa, ikapakua, ikaponyoka hadi Batavia. Baada yake haikufika nyingine. Vitu vyote vya Marie viliondoka Sudi kwa miguu ya watu, kwa maana hapakuwa na reli upande ule wala magari.

Kuanzia hapo jeshi lilikuwa likila akiba. Oktoba 1917 lilipigana Mahiwa, katika nchi ya Lindi, vita vikubwa vya siku nne. Waingereza waliumia sana, lakini Wadachi waliondoka uwanjani na akiba ya baruti isiyo na moshi iliyokaribia kwisha. Miaka mitatu baada ya Tanga, ile 71 ilikuwa inarudi tena mikononi, pamoja na wingu lake.

Ikafika tarehe 25 Novemba 1917, siku ambayo mambo mawili yalitokea mbali na mbali, pasi na upande mmoja kujua habari za wa pili.

La kwanza lilikuwa Bulgaria. Siku nne kabla yake, chombo cha angani cha aina ya Zeppelin, L59, chenye urefu wa zaidi ya mita 220, kiliruka kutoka Jamboli kuelekea Afrika ya Mashariki na takriban tani 15 za mizigo, risasi, bunduki na dawa. Hakikutarajiwa kurudi. Mifupa yake na kitambaa chake vilikuwa vitumike vilevile huku, vifanywe mahema na nguo. Ilikuwa njia ya mwisho iliyombakia muuzaji wa zamani: bahari imefungwa, basi na apite juu. Kilivuka Misri kikafika Sudan, na hapo kikaamriwa kwa mitambo ya redio kirudi, kwani jeshi lilikuwa limekwisha kusukumwa hadi ukingo wa nchi yake. Baada ya kuruka saa 95 bila kutua, asubuhi ya tarehe 25 kilitua palepale kilipoondokea, na shehena yake yote.

La pili lilikuwa Ngomano, mahali Lugenda inapoingia Ruvuma. Siku ileile Lettow-Vorbeck alivuka mto na watu wenye silaha wasiofika 2,000, wengi wakiwa hawana risasi za kutosha hata kwa pambano moja, akaishambulia ngome ya Wareno. Kufika jioni ngome ilikuwa imeanguka. Ndani yake mlikuwa na mamia ya bunduki, bombomu na risasi zipatazo 250,000. Kile ambacho dola ya Ujerumani haikuweza kukileta kwa bahari wala kwa mbingu, kilipatikana kwa adui katika muda wa alasiri moja.

Tena kuna jambo la kustaajabisha. Bunduki rasmi ya jeshi la Ureno wakati ule ilikuwa Vergueiro, modeli ya 1904, yenye risasi ya milimita 6.5. Iliitwa kwa jina la afisa wa Kireno aliyeibuni kutokana na Mauser, lakini iliundwa Berlin, katika kiwanda cha DWM. Na ile Kropatschek ya 1886, iliyokuwa bado mikononi mwa vikosi vya makoloni ya Ureno, ilitoka Steyr, nchini Austria, mshirika wa Ujerumani. Ujerumani ilikuwa imemuuzia Mreno wakati wa amani, na Machi 1916 ikamtangazia vita. Basi mkono wa askari wa Kinyamwezi au wa Kimanyema, uliozuiwa kupata silaha za Berlin kwa kuwa bahari imefungwa, ulizipata silaha za Berlin katika ghala la Mreno. Bunduki haimjui bwana wake. Humjua anayeishika.

Mwaka mmoja uliofuata jeshi lile lilitembea katika Msumbiji likijilisha kwa namna hiyo, ngome baada ya ngome, hadi Nhamacurra karibu na Quelimane, ambako Julai 1918 lilipata bunduki na chakula kwa wingi. Kisha likarudi kaskazini, likaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko ndiko lilikopata habari kwamba vita Ulaya vimekwisha. Lilisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu siku ya Ngomano. Walioweka silaha chini walikuwa Wazungu 155 na askari 1,168. Hesabu ya silaha aliyoiandika jemadari wao ni hii: mzinga mmoja wa Kireno; bombomu 37, na 30 kati yake za Kiingereza; bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno; na risasi 208,000. Waingereza waliopokea silaha zile walikuwa, kwa sehemu kubwa, wakirudishiwa mali yao.

Wanahistoria wa vita wamependa kukisimulia kisa hiki kama hekaya ya ujanja: jeshi dogo lililomfanya adui kuwa ghala lake. Ujanja ulikuwepo. Lakini anayezifuata bunduki kutoka mkono hadi mkono ataona kwamba katika miaka minne kila kitu kilibadilika ila kimoja. Kiwanda kilibadilika, na risasi, na lugha iliyochongwa juu ya chuma. Njia nayo ilibadilika, ikatoka baharini ikaenda mbinguni, ikatoka mbinguni ikaenda katika ngome za watu. Mchukuzi hakubadilika. Kila bunduki, iwe ya Berlin au ya Birmingham, na kila sanduku la risasi, lilipanda kichwani mwa mtu yuleyule.

Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja. Hesabu zao rasmi zilifikia vifo vipatavyo 95,000. Watafiti waliokuja baadaye wameona kuwa waliokufa walizidi 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na njaa, kuhara, baridi na uchovu. Wapagazi wa Wadachi hawakuachiwa daftari lenye kuaminika hata la kubishaniwa. Na nyuma yao kulikuwa na vijiji vilivyotolewa nafaka, ng'ombe na watu wa kulima. Ugogo ulipatwa na njaa iliyopewa jina la Mtunya, na wenyewe wakaitumia kuhesabia miaka. Mtu akihesabu thamani ya bunduki zilizotekwa Tanga na Ngomano, na aiweke na hiyo katika mizani.

Mwambao umebakiwa na neno moja la kuwakumbuka. Kikosi cha Wachukuzi, kwa jina lake la Kiingereza, kilitamkwa na Waswahili Kariakoo, na mahali walipopigiwa kambi Dar es Salaam pakabaki na jina hilo. Wanaonunua kisamvu na dagaa sokoni pale wanalitaja jina hilo kila siku.

Askari nao walidai mshahara wao. Mwaka wa 1964, mwaka uleule aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha walipwe malimbikizo yao. Charles Miller, katika kitabu chake cha 1974 juu ya vita hivi, anasimulia kuwa wazee walikusanyika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti vya jeshi. Ndipo aliyekuja kulipa alipopata shauri: kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki. Inasimuliwa kwamba hapana aliyekosea. Miaka zaidi ya arobaini ilikuwa imepita. Bunduki ya 71 ilikwisha, ya Kiingereza ilirudishwa kwa wenyewe, ya Kireno ilibaki Abercorn. Mikono ikaushika ufagio ikakumbuka.

Malipo yale yalikuwa ya askari. Hapakuwekwa mzigo pale, wa kilo 25, ili aliyekuwa mpagazi aitwe naye auinue kichwani, aonyeshe kwamba alikuwepo.